Chombo Hakikusema Uongo

Muhula uliopita maabara yetu ilipata kihisi cha kanieneo ya gesi: kisanduku kidogo kilichofungwa kwa waya kwenye kompyuta, na kwa mpira mwembamba kwenye bomba la sindano. Tangu siku ile ubishi hauishi bwenini. Wengine wasema chombo hiki kitatufanya wavivu, maana chasoma na kuandika namba chenyewe. Wengine wasema shule isiyo nacho imebaki nyuma. Mimi naona pande zote mbili zimeliacha jambo lenyewe, nami nitaeleza kwa kuanza na kosa langu.

Siku ya kwanza kundi letu liliacha mpira wazi ili tupime hewa ya chumbani. Kioo kikaonyesha kilopaskali 88. Kitabu chetu chasema 101. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Nikaikata 88, nikaandika 101, na wenzangu wakakubali, kwa kuwa tuliona chombo ni kibovu. Mwalimu alipopitia daftari aliuliza swali moja tu: "Bahari iko wapi?"

Hatukuwa na la kujibu. Ile 101 ni ya usawa wa bahari. Sisi tuko Uganda, karibu na Ziwa Victoria, mita 1,200 hivi juu ya bahari; hewa iliyo juu yetu imepungua, na msukumo wake umepungua pia. Wala jambo hili si geni. Mwaka 1648 Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa na bomba la zebaki, kwa ombi la shemeji yake Blaise Pascal, akaona zebaki imeshuka kule juu. Yeye aliandika alichokiona. Mimi, mwenye chombo bora kuliko chake, nilikikata nilichokiona. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mezani pa mwalimu.

Wiki iliyofuata tulijaribu kanuni ya Boyle ya mwaka 1662: gesi ikibanwa na joto lake lisibadilike, kanieneo mara ujazo hutoa jibu lilelile. Tulianza na mililita 10, tukasukuma hadi 5, tukangoja hewa ipoe. Tulitazamia 176, kioo kikasema 164. Safari hii hatukukata kitu. Tulifikiri kwa muda mrefu, hata mmoja wetu akaushika ule mpira: kumbe nao una hewa ndani yake! Tulipoongeza mililita 0.8 kwa kila ujazo, hesabu ikakaa sawa. Somo hilo halikuwamo kitabuni.

Basi, wale wanaohofia uvivu nawajibu hivi. Ndani ya kihisi mna utando mwembamba unaopinda hewa ikiusukuma, na umeme hubadilika kwa kadiri ya kupinda huko. Utando haujui kitabu kimesema nini, wala hauogopi alama mbaya. Mvivu ni yule aliye na jibu kabla ya kupima. Hata hivyo hofu yao ina ukweli, kwani anayetazama kioo tu hajifunzi. Kwa hiyo yafaa kila kundi liandike makisio yake kwanza kwa wino, ndipo kompyuta iwashwe; na grafu ya kwanza ichorwe kwa mkono. Namba ikikatwa, ikatwe kwa mstari mmoja ili ibaki inasomeka.

Naomba pia chombo kisifungiwe kabatini kikingoja wageni. Darasani tuko 36, na kihisi ni kimoja: watatu hushika, waliobaki hutazama migongo. Ninyi mliosoma hapa zamani mmezoea kuuliza shule ihitaji nini. Naomba mtusaidie kupata kihisi cha pili, na cha tatu ikiwezekana. Lakini hata kabla hakijaja, sisi wenyewe twaweza kuanza na hiki kimoja, kwa zamu, hata jioni baada ya masomo.

Ukurasa ule wa daftari langu ninao hadi leo. Chini ya mkato 88 yasomeka vizuri.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita