Neno la Mhariri: Kabla ya Limuru Kulikuwa na Frere Town

Mwulize mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha St. Paul's, pale Limuru, chuo chake kilianza lini. Huenda akakutajia mwaka 2007, kilipopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Anayekijua zaidi atakwambia 1903. Tarehe zote mbili ni za kweli, ila zote zinaianza habari katikati. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya mwanzo wenyewe, nao uko pwani, bara ya Mombasa upande wa Kisauni.

Huko ndiko shirika la kimisheni la Kianglikana, CMS, lilikofungua makazi ya Frere Town mwaka 1875, wapate pa kuishi watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele yao ingali pale njia panda ya Nyali, na makanga wa matatu wanaita abiria wa Kengeleni kutwa kucha. Wengi wanaopita hapo wamesikia kwamba kengele ile iligongwa kuwaonya watu kila walipohofia kuvamiwa. Kwamba katika makazi hayohayo lilizaliwa darasa la wachungaji ambalo leo ni chuo kikuu, hilo halisemwi sana.

Kuna mazoea ya kusimulia historia ya vyuo vya kanisa kana kwamba mmisionari alifika, akajenga darasa, kisha akatafuta wa kukaa ndani yake. Huku kwetu haikuwa hivyo. Watu walitangulia, chuo kikafuata. Mwaka 1864 William Jones na Ishmael Semler walifika Rabai kumsaidia mmisionari wa CMS, Johannes Rebmann, aliyekuwa amebaki karibu peke yake. Wote wawili walitolewa utumwani wakiwa wadogo, wakapelekwa India, wakasomeshwa kwenye kituo cha CMS huko Nasik, kisha wakarudishwa Afrika katika mwambao ambao haukuwa kwao. Ilipita miaka 21 tangu wafike Rabai ndipo Askofu James Hannington alipowawekea mikono kuwa mashemasi, mwaka 1885. Katika muda wote huo hapakuwa na chuo cha kuwaandaa watu kama wao. Walisoma kazini.

Mwaka uleule Hannington alifunga safari ya kwenda Uganda kupitia nchi ya Wamaasai, na Jones akafuatana naye. Walipofika Kavirondo askofu alimwacha na sehemu kubwa ya wapagazi, akatangulia na watu wachache. Aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Mzigo wa kuurudisha msafara ukamwangukia shemasi huyu wa miezi michache. Aliwafikisha Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886, mbele wakipeperusha bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, jina la mtoto wa maombolezo katika Kitabu cha Samweli. Njiani Jones aliandika shajara. Mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa ndiye aliyetuachia maandishi ya safari ile, na kwangu mimi ukurasa wa kwanza wa historia ya St. Paul's ni huo.

Basi shule ya theolojia ilipofunguliwa Frere Town mwaka 1903, ilikuja kujibu haja iliyokwisha kuonekana kwa miongo. Tukumbuke pia kwamba utumwa ulikuwa bado haujafutwa kisheria katika ukanda huo wa pwani. Sheria ya kuufuta ilikuja mwaka 1907. Kumfundisha Mwafrika Maandiko ili awe mchungaji, mahali ambapo jirani yake alikuwa bado mali ya mtu, lilikuwa jambo zito, hata kama darasa lilikuwa dogo. Udogo huo hatuuonei haya.

Wala haikuandikwa kwamba shule ya namna hiyo lazima iwe chuo kikuu. Kule Unguja, wamisionari wa UMCA, shirika jingine la Kianglikana, walikuwa na chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, ambacho nacho kilianza na vijana waliookolewa majini, na kilichomlea Cecil Majaliwa, aliyepewa ukasisi mwaka 1890. Kiungani ilihamia Minaki mwaka 1925, na leo Minaki ni sekondari ya serikali. Ya Frere Town ilihamia Limuru mwaka 1930. Mwaka 1955 Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti waliamua kuwasomesha wachungaji wao chini ya paa moja, na naamini uamuzi huo ndio uliokivusha: chuo cha dhehebu moja pekee kingebanwa na mfuko wa dhehebu hilo.

Lakini kuhamia bara kulikuwa na gharama, na haijasemwa vya kutosha. Chuo kiliondoka na jina na mustakabali, pwani ikabaki na kengele. Wajukuu wa watu wa Frere Town wanapaswa kutajwa kwenye mahafali ya Limuru kama waasisi.

Kwa hiyo tunaomba. Kama nyumbani kwenu, Kisauni, Rabai au kwingineko, kuna cheti cha ubatizo, barua, picha ya darasa au daftari la mahubiri la babu aliyesoma Frere Town kabla ya mwaka 1930, msikitupe wala msikiuze. Tuleteeni tukinakili, nanyi mtarudishiwa mkononi. Tungependa toleo lijalo liandikwe kwa karatasi hizo.