Kiwango kimoja kwa bahari inayobadilika

Mwezi Agosti 2025, uvuvi wa krili kusini mwa Atlantiki ulifungwa kabla ya msimu kwisha. Meli zilikuwa zimefikisha tani 620,000, kiwango cha juu kinachoruhusiwa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Krili ni jamaa wa kamba, hazidi kidole kwa urefu. Wanaomvua humsaga kuwa chakula cha samaki wa kufugwa, au humkamua mafuta ya vidonge.

Watetezi wa uvuvi huo wana hoja. Eneo hilo lilipopimwa mwaka 2000 na tena 2019, lilikadiriwa kuwa na krili tani milioni 60 hivi. Basi kinachovuliwa ni kama asilimia moja. Hesabu ni sahihi, lakini inapotosha. Meli haziokoti krili mmojammoja bahari nzima. Huyafuata makundi manene kandokando ya Rasi ya Antaktika, palepale wanapokula pengwini, sili na nyangumi. Zamani kiwango kiligawanywa kwa maeneo ili pasielemewe mahali pamoja. Mwaka 2024 wanachama wa tume ya uhifadhi wa bahari ya Antaktika, yenye makao Hobart, Australia, walishindwa kuafikiana, na mgawanyo ukafa.

Umekufa wakati mbaya. Majira ya baridi, watoto wa krili hujificha chini ya barafu ya bahari na kula mwani uliogandamana nayo kwa chini. Barafu ndiyo kitalu chao. Februari 2023 ilipungua hadi chini ya kilomita za mraba milioni 1.8, kiasi kidogo kuliko chochote kilichowahi kupimwa kwa setilaiti hadi siku hiyo. Miezi michache kabla yake, katika Bahari ya Bellingshausen, barafu ilimeguka mapema chini ya makinda ya pengwini-kaisari ambao manyoya yao bado hayakuweza kuzuia maji. Kati ya makoloni matano, manne yanaaminika kupoteza makinda yote. Nikifikiria makinda yale, siwezi kuridhika na asilimia moja.

Kiwango kilichopangwa kwa bahari yenye barafu ya kutosha hakiwezi kubaki vilevile barafu inapoyoyoma. Mgawanyo urudishwe, na maji ya Rasi yafungwe krili wanapokua, kama wavuvi wa Pemba wanavyofunga miamba ili pweza wakue. Kikwazo ni kwamba tume huamua kwa maafikiano ya wote. Mwaka 2016 iliweza kuhifadhi Bahari ya Ross. Tangu hapo China na Urusi zimezuia hifadhi nyingine kubwa.

Nyangumi wa nundu wanaoonekana Watamu na Zanzibar kuanzia Julai hutoka huko kusini. Huja kuzaa wakiishi kwa mafuta ya krili waliowala Antaktika. Kenya na Tanzania hazimo katika tume. Afrika Kusini na Namibia zimo, na hakuna kinachotuzuia kuziomba zitusemee.