Binti akinyamaza, je, amekubali?

Mwanafunzi wa kidato cha pili anatembea kilomita nane kwenda shule. Dereva wa bodaboda anampa lifti, wiki ya kwanza bure, ya pili bure. Wiki ya tatu anamnunulia chipsi na vocha. Ya nne anamwambia: "Umekula hela yangu, leo unaniringia?" Binti hajibu. Anaogopa kutangazwa kijiweni. Anaogopa fimbo ya baba akijua alipanda pikipiki.

Mambo yakijulikana, kijiji kizima kinauliza: "Mbona hakupiga kelele?"

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba kunyamaza ni kukubali. Lakini mtu akishikwa na hofu kubwa, mwili unaweza kuganda na sauti isitoke. Tena binti huyu tumemfundisha sisi wenyewe kutojibizana na wakubwa. Hawezi kuanza kujifunza kusema "sitaki" siku hiyo, akiwa peke yake porini.

Sheria ya Tanzania inasemaje? Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au vitisho si ridhaa. Na kwa msichana aliye chini ya miaka 18, hata akisema "ndiyo", bado ni ubakaji. Mtu mzima akipatikana na hatia, kifungo hakipungui miaka 30. Na wanaosema "hakuna shahidi" wajue kwamba mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa binti peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Hata hivyo, kuna mlango uliobaki wazi, nao ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na kifungu hicho cha 130 hakimgusi mume wa msichana wa umri huo anayeishi naye. Kwa hiyo jambo lililokuwa kosa kabla ya mahari linaacha kuwa kosa baada ya mahari, ingawa binti ni yuleyule na kimya chake ni kilekile. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vya ndoa vinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana nayo. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwaka huo ulipita bila marekebisho.

Tufanye nini, basi? Kwanza, tusimalize kesi kwa mbuzi wala kwa kumwoza binti kwa aliyemuumiza. Pili, afikishwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Nguo alizovaa zisifuliwe, maana ni ushahidi. Tatu, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, nendeni huko. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure.

Na nyumbani, tubadilishe swali. Badala ya "mbona hukupiga kelele?", tumuulize: "Ulikuwa unaogopa nini, mwanangu?" Kisha tukae kimya sisi, tumsikilize.