Mbao Rubavu: Kwa nini bei ya gogo hukadiriwa kwa macho, na ni nani anayepoteza?

Katika miinuko ya Busasamana, sekta ya wilaya ya Rubavu inayopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, mkaratusi ni akiba ya familia. Huuzwa pale ada ya shule inapodaiwa, mgonjwa anapolazwa au mbegu za viazi zinapohitajika. Hata hivyo, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mashambani nchini Rwanda, mauzo hayo aghalabu hufanyika mti ukiwa bado umesimama, na bei hukubaliwa baada ya mnunuzi kulizunguka shina mara moja au mbili.

Biashara ya namna hiyo ina upande mmoja unaojua na mwingine unaobahatisha. Mpasuaji mbao aliyenunua magogo mengi hujifunza kusoma gome, mwinamo na vifundo, na akilini mwake huhesabu mbao kabla ya kutaja bei. Mkulima anayeuza miti mitano katika miaka kumi hana uzoefu huo. Hivyo bei hufuata zaidi ukubwa wa shida ya muuzaji kuliko kiasi cha mbao kilichomo ndani ya mti.

Tofauti ya sentimita kumi

Kosa la kwanza katika ukadiriaji wa macho linahusu unene. Gogo la urefu wa mita nne lenye kipenyo cha sentimita 30 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.28. Likiwa na kipenyo cha sentimita 40, urefu ukiwa ule ule, ujazo wake hufikia 0.50. Kwa macho, la pili limezidi kidogo tu. Kwa hesabu, limezidi kwa zaidi ya robo tatu, kwa sababu ujazo hukua kwa mraba wa kipenyo. Anayeuza miti yote miwili kwa bei moja ya "mti mkubwa" hupoteza sehemu kubwa ya mali yake bila ya kudanganywa na mtu yeyote.

Mahali pa kupimia nako kuna uzito wake. Gogo la mita nne lenye sentimita 30 kwenye ncha nyembamba na 36 kwenye ncha nene lina ujazo wa karibu 0.34 likipimwa katikati. Likipimwa kwenye ncha nyembamba pekee, hesabu hushuka hadi 0.28. Wanunuzi wana sababu ya kupendelea kipimo cha ncha nyembamba, na tena bila gome, kwa kuwa mbao za urefu kamili hutoka katika unene huo. Jambo la msingi ni kwamba pande zote mbili zikubaliane kuhusu kipimo kabla ya kujadili bei.

Yapo pia yale ambayo muuzaji hana budi kuyakubali. Gogo halitoi mbao kwa kiasi cha ujazo wake wote. Maganda, vumbi la msumeno na pande za mviringo huondoa sehemu kubwa, na kwa wanaopasua kwa msumeno wa mnyororo, mbao zinazopatikana mara nyingi hazifiki nusu ya gogo. Mnunuzi anayetoa bei ya chini kuliko ile ya mbao sokoni hafanyi hivyo kwa ulaghai tu. Analipia pia hasara hiyo, usafiri na hatari ya kasoro asizoziona.

Kasoro zilizofichika

Hatari hiyo ni ya kweli. Uvimbe kwenye gome huashiria tawi lililofunikwa, na ndani yake kuna kifundo kitakachoidhoofisha mbao. Nyufa za gome zinazopanda kwa kuzunguka shina huonyesha nyuzi za msokoto, na mbao zake hujipinda zinapokauka. Kidonda cha zamani karibu na shina la chini chaweza kuwa mlango wa uozo. Ndiyo maana wanunuzi hugonga shina kwa kisogo cha shoka na kusikiliza kama linalia wazi au linavuma kama chombo kitupu. Tundu la sentimita 15 katikati ya gogo la sentimita 40 huondoa takriban asilimia 14 tu ya ujazo, lakini hasara yake ni kubwa zaidi, maana mbao pana haziwezi tena kupatikana.

Mkaratusi una tabia yake. Shina lake hukua likiwa na mkazo wa ndani, na likishakatwa mkazo huo hufunguka na kupasua ncha za gogo. Gogo lililoonekana zima siku ya kukatwa laweza kuwa na mipasuko mirefu siku chache baadaye. Tatizo hilo huwa kali zaidi katika miti michanga na myembamba. Aidha, mti uliokua kwenye mteremko mkali mara nyingi huwa na kitovu kilichosogea upande mmoja, na mbao zake hupinda zikipasuliwa. Katika nchi ya vilima kama Rubavu, jambo hilo si la kupuuzwa.

Kuna pia chuma. Miti iliyotumika kama nguzo za uzio wa malisho humeza misumari na seng'enge, kisha gome huvifunika. Kipande kimoja tu chaweza kuharibu msumeno. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wapasuaji wa mashariki mwa Ufaransa walikabiliwa na tatizo kama hilo kutokana na vipande vya mizinga vilivyobaki ndani ya miti.

Asili ya gogo nayo ni thamani

Kwa fanicha za bei ya juu, mafundi wa Rwanda kwa muda mrefu wametegemea mbao ngumu za misitu ya Congo, zikiwemo mvule na zile zinazojulikana sokoni kwa jina la libuyu. Hapa ubora wa mbao pekee hautoshi. Tangu mkutano wa Panama wa Novemba 2022, miti ya Afrika ya jamii za mkangazi, mninga na mkongo imo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na kuivusha mpaka kunahitaji kibali.

Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, suala la nyaraka limekuwa gumu zaidi, kwani anayelidhibiti eneo siye anayetambuliwa kimataifa kuwa serikali yake. Mnunuzi aliyeko Gisenyi anaweza kulipia gogo zuri, kisha akashindwa kuthibitisha lilikotoka.

Funzo kutoka Tanzania

Kukadiria vibaya hakuwaumizi wakulima peke yao. Mwaka 2007, ripoti ya shirika la TRAFFIC kuhusu kusini mwa Tanzania ilieleza kuwa katikati ya muongo huo hadi asilimia 96 ya mapato ya magogo ambayo serikali kuu na halmashauri zingepaswa kupata yalipotea. Sheria ilikuwepo, ikitoza ushuru kwa mita ya ujazo na kwa daraja la mti. Kilichokosekana ni upimaji na usimamizi wa uhakika.

Kwa Rwanda, athari huonekana ardhini. Msitu wa Gishwati, uliokuwa na takriban hekta 28,000, ulibaki na karibu hekta 600 mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya sehemu iliyosalia kuunganishwa na Mukura kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2015. Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, Rubavu ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika. Sababu za maafa hayo ni nyingi, mvua kubwa ikiwa ya kwanza, lakini mteremko usio na miti hushikilia udongo kwa shida zaidi.

Uhusiano wake na bei ni wa moja kwa moja. Familia inayopata fedha kidogo kwa kila mti hulazimika kukata miti mingi zaidi, na kuikata mapema, wakati ambapo mkaratusi ni mwembamba, hupasuka kwa urahisi na hutoa mbao chache. Vibali vya kukata miti vinaweza kuzuia sehemu ya ukataji huo, ila haviondoi shida inayousababisha.

Kinachohitajika si mitambo. Futikamba ya kupima mzingo wa shina, mgawanyo kwa 3.14 ili kupata kipenyo, na jedwali la ujazo lililobandikwa kwenye ofisi ya sekta au ya ushirika vingempa muuzaji namba ya kuanzia mazungumzo. Wauzaji kadhaa wakikusanya magogo yao na kuyauza kwa mita ya ujazo baada ya kukatwa, kasoro zikiwa wazi kwa wote, mnunuzi naye hatahitaji kupunguza bei kwa hofu ya asichokiona. Ugumu utabaki kwa yule mwenye deni la wiki hii, asiyeweza kungoja majirani wake wawe tayari kuuza.