Programu ya pikapu ikibadilishwa, mwenye mzigo aandikiwe

Kwetu Nyakiyumbu nyanya hupakiwa gizani, kwa sababu nyanya haimsubiri mtu. Ukitoka alfajiri unafika Mpondwe foleni ikiwa bado fupi. Unavuka daraja la Lubiriha, unahama kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia, unamalizana na maofisa wa Kasindi, kisha unaikabili njia ya Beni. Mambo yakienda sawa, jioni unahesabu pesa Butembo.

Msimu wa mvua uliopita mambo hayakwenda sawa. Pikapu tuliyopanda ni ya shemeji yangu, gari la dizeli ambalo halijawahi kutuaibisha. Wiki moja kabla ya safari lilikuwa limepelekwa gereji kubadilishwa oili. Kutoka Kasindi hadi Beni tulienda vizuri, ingawa dereva alilalamika mara mbili kwamba anakanyaga mafuta na gari linachelewa kuitikia. Tulipoanza kupanda kuelekea Butembo, taa ya injini ikawaka. Nguvu zikakatika. Gari halikuzimika, lakini halikutaka kuvuka mwendo wa baiskeli. Giza lilitukuta njiani, na ile si barabara ya mtu kulala porini. Wasomaji wa pande zote mbili za mpaka wanajua kwa nini. Tukajikokota mpaka kijiji cha karibu na kuomba hifadhi. Asubuhi nyanya za chini zilikuwa zimeanza kutoa maji. Tuliziuza kwa bei ya huruma, na karibu nusu ya mtaji wa safari ikapotea.

Fundi wa Butembo alichomeka mashine yake ya kusoma hitilafu. Akatazama, akaniuliza, "Mzee, nani aliigusa kompyuta ya gari hili?" Sikuwa na jibu. Shemeji naye hakuwa nalo. Tulipopiga simu gereji tukaambiwa kwamba, wakati wa kubadilisha oili, kijana mmoja "aliisasisha" programu ya injini ili gari liwe jepesi. Hakuna aliyemtuma. Kwenye risiti kulikuwa na neno moja tu: huduma.

Nimeandika haya kwa sababu naamini tatizo hili si la shemeji peke yake. Hoja yangu ni fupi: mtu akibadilisha programu ya kompyuta ya injini, amebadilisha gari. Kwa hiyo mwenye gari aombwe ruhusa kwanza, aandikiwe kilichofanyika, na maandishi hayo yaeleweke kwa fundi wa upande wa pili wa mpaka.

Kwanza tuelewane kuhusu kompyuta hiyo. Katika pikapu za zamani, mguu wako ulivuta waya na waya ukafungua mafuta. Katika pikapu za leo, mguu unatuma ombi tu. Kompyuta inalipokea ombi hilo, inauliza vihisi joto la injini, kiasi cha hewa kinachoingia na msukumo wa turbo, halafu inaamua injekta zimwage mafuta kiasi gani na wakati gani. Programu ndiyo kanuni ya uamuzi huo. Ukibadilisha kanuni, mguu uleule, mlima uleule na mzigo uleule vinaleta jibu jingine.

Ndiyo maana baada ya kusasishwa gari linaweza kuwa zito mwanzoni na jepesi baadaye, au kinyume chake. Programu mpya inaweza kupunguza mafuta ili moshi upungue, na dereva akahisi gari limelegea. Inaweza kuzuia nguvu katika gia za chini ili kulinda gia boksi, jambo jema kwa gia boksi lakini chungu kwa mtu mwenye tani moja mlimani. Zaidi ya hayo, kompyuta huwa na kumbukumbu ya mambo iliyojifunza kuhusu injini yako na uchakavu wake. Kumbukumbu hiyo ikifutwa wakati wa kazi, siku za kwanza injini inaweza kutetemeka ikiwa imesimama mpaka ijifunze upya. Katika injini nyingi za dizeli za kisasa, kila injekta ina namba yake ambayo lazima iingizwe kwenye kompyuta. Ikiingizwa vibaya, injini inagonga au inatoa moshi, na mtu asiyejua atakuuzia injekta mpya.

Sisi wa mpakani tuna mzigo wa ziada. Tambarare za Kasese ziko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Butembo iko zaidi ya mita 1,700. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua. Kompyuta yenye programu sahihi inalijua hilo na inapanga mafuta na turbo kulingana na hewa iliyopo. Programu isiyo ya gari hilo inaweza kuonekana nzuri kabisa katika mtaa wa Bwera, kisha ikakuumbua kwenye mlima wa kwanza.

Tena magari yetu yanatoka pembe nyingi: Japan, Uingereza, Dubai. Pikapu mbili zenye sura moja na jina moja zinaweza kutofautiana ndani, moja ikiwa na kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi na nyingine haina. Ukiweka programu ya ile yenye kichujio kwenye ile isiyo nacho, kompyuta itatafuta kihisi ambacho hakipo. Isipokipata inaingia katika hali ya kujilinda na kukata nguvu. Hicho ndicho kilichotupata. Fundi wa Butembo aligundua kosa kwa dakika chache, lakini hakuweza kutusaidia, maana programu ya awali haikuwa imehifadhiwa popote na hakuna karatasi iliyoonyesha namba yake.

Wapo watakaosema dawa ni kuzikimbia kompyuta na kununua gari la zamani. Nawaelewa, ila njia hiyo inazidi kufungwa. Uganda ilibadilisha sheria mwaka 2018 na kuzuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya mpaka wake ni miaka 8. Kila mwaka unaopita, pikapu inayoshuka Mombasa ina kompyuta nyingi kuliko ya mwaka uliotangulia.

Wala masasisho yenyewe si adui. Tuliporudi Kasese, fundi mwingine aliweka programu inayolingana na gari letu, toleo jipya kuliko lile lililotoka nalo kiwandani. Tangu siku hiyo linawaka haraka asubuhi ya baridi na halitetemeki likisimama. Ningesema masasisho yote ni mabaya ningekuwa nadanganya.

Hata hivyo watengenezaji wakubwa wenyewe wamewahi kupigwa na jambo hili. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Volkswagen iliweka katika magari ya dizeli takriban milioni 11 duniani programu iliyodanganya vipimo vya moshi. Pikapu ya Amarok ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuitwa kurekebishwa Ulaya, mwanzoni mwa 2016, na dawa yenyewe ilikuwa programu mpya. Kampuni ilisema gari halitabadilika; baadhi ya wenye magari yaliyorekebishwa walilalamika kuwa yanakula mafuta zaidi au hayavuti kama zamani. Nchini Australia, wenye Hilux, Fortuner na Prado za dizeli walishtaki Toyota kwa sababu ya vichujio vya masizi vilivyokuwa vikiziba. Kampuni ilijaribu marekebisho kadhaa, yakiwamo ya programu, na Aprili 2022 Mahakama ya Shirikisho ikawapa ushindi wenye magari.

Nachukua mafunzo mawili hapo. La kwanza, programu haiponyi chuma kilichoundwa vibaya. La pili, wenye magari wa Ulaya na Australia waliweza kulalamika kwa sababu walikuwa na karatasi: gari namba fulani, tarehe fulani, limewekewa kitu fulani. Sisi tuna neno "huduma".

Nini kifanyike? Naanza na sisi wenyewe. Ndugu mfanyabiashara, unapoacha gari gereji, sema mbele ya dereva wako kwamba kompyuta isiguswe bila ruhusa. Ukishauriwa kusasisha, uliza sababu. Sababu nzuri ina jina: hitilafu fulani inayojulikana, au wito wa mtengenezaji. "Gari litakuwa jepesi" si sababu. Hakikisha programu ya zamani imenakiliwa kwanza, na betri imeunganishwa na chaja, maana umeme ukishuka katikati ya kazi kompyuta inaweza kufa moja kwa moja. Baada ya hapo lijaribu gari mlimani likiwa na mzigo, kabla ya siku ya soko.

Tuwe waadilifu pia kwa mafundi. Si kila ulegevu ni wa kompyuta. Kichujio cha dizeli kilichoziba, mpira wa turbo uliopasuka au dizeli ya jerikeni yenye maji hutoa dalili zilezile. Nchi tano za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, lakini makubaliano hayo hayalindi dizeli iliyokwisha kupita katika jerikeni tatu na mikono minne. Kagua hivyo kwanza; ni rahisi kuliko kompyuta.

Kwa wenye gereji naomba mistari mitano tu kwenye risiti: namba ya programu iliyokuwapo, namba ya iliyowekwa, tarehe, kilomita za gari, na sababu. Namba hizo zinasomwa na mashine ileile wanayotumia. Kuziandika hakuchukui hata muda wa kunywa chai. Fundi mzuri hana cha kuficha, na risiti hiyo itamlinda siku mteja atakapomsingizia.

Kwa vyama vyetu vya wafanyabiashara, Mpondwe na Kasindi, nasema hivi: kwa nini tusichange tuwe na mashine moja halali na fundi mmoja aliyesomea, kila upande? Wilaya ya Kasese inajua ushirika. Wakulima wetu wa kahawa wametuonyesha. Hasara za safari chache kama ile yangu zingetosha kuanzisha mfuko huo.

Na kwa wakubwa wa Jumuiya: Kongo iliingia rasmi mwaka 2022. Mwaka mmoja kabla, Juni 2021, marais wa Uganda na Kongo walikutana hapa mpakani kuzindua ujenzi wa barabara za kilomita 223, ikiwamo hii ya Kasindi hadi Beni na Butembo. Tunashukuru. Ila barabara nzuri inataka gari linalotengenezeka pande zote mbili. Tayari tuna mfano wa karatasi inayovuka mpaka: Kadi ya Njano ya bima ya COMESA. Ukigonga mtu Beni, hakuna anayekuambia bima yako ni ya Uganda tu. Basi historia ya kompyuta ya gari nayo iwe na kadi yake, iandikwe kwa Kiswahili na Kifaransa au Kiingereza, itambuliwe Kasese, Beni, Mbarara na Kisangani. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, ilikusudia huduma zivuke mpaka kama bidhaa. Huduma ya fundi ni huduma.

Nitaambiwa watengenezaji hawatawapa mafundi wadogo programu halali, au watazitoza bei ambayo gereji ya Bwera haiwezi. Ni kweli. Lakini nchi moja moja ikiomba haitasikilizwa. Jumuiya nzima ikisema kwamba anayeuza magari kwetu atoe na programu zake kwa bei nafuu, itasikilizwa. Bila hivyo vijana wetu wataendelea kunakili mafaili yasiyojulikana yalikotoka, na sisi tutaendelea kuwa uwanja wao wa majaribio.

Gari la shemeji sasa lina daftari dogo ndani ya dashibodi. Kila anayeigusa kompyuta anaandika na kutia sahihi. Juzi fundi wa Beni alilifungua, akasoma, akarekebisha alichoitiwa kwa nusu saa, naye akaandika mstari wake. Nyanya zilifika Butembo zikiwa ngumu.