Funika sukumawiki wakati wa baridi

Akina mama wengi wa Thika na Ruiru huacha kumwagilia sukumawiki baridi ya Julai inapoingia, kwa kuwa jua halionekani. Kumbe kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni haba, na udongo wetu mwekundu hukauka polepole chini ya mawingu hayo hayo, mpaka majani yanakuwa magumu na machungu.

Ulaya watu hufunika bustani ili mizizi isigande kwa barafu. Sisi tunafunika kuhifadhi maji, hasa wewe unayeyanunua kwa mtungi.

Mwagilia kwanza, kisha tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne. Maganda ya kahawa pia yanafaa. Mabingobingo yaanike kabisa, la sivyo vifundo vitachipua na utajikuta umepanda chakula cha ng'ombe! Usisukumie nyasi hadi kwenye shina. Acha nafasi ya kiganja, maana unyevu wa baridi huozesha shina na konokono hujificha humo. Waokote alfajiri. Mvua za Oktoba zikikaribia, nyasi zilizooza zifukie udongoni.