Mwiba Kwanza, Tunda Baadaye

Muulize mtoto wa siku hizi alichokiona kichakani, atakutajia rangi ya tunda. Kwangu mimi rangi hutazamwa mwisho. Hapa Makueni, anayeanza na rangi anaweza kujiua.

Kwetu mukawa na kivai huota pamoja kwenye vilima vya mawe. Mukawa una tunda tamu, tumelila tangu enzi za kuchunga mbuzi. Kivai, ambacho Waswahili hukiita msunguti, ndicho wazee wetu walichochemsha, magome na vijiti, hadi kikawa kama lami ya kupaka mishale, kisha wakaifunga ncha kwa ngozi isikauke. Sumu hiyo hushika moyo.

Sasa viweke pamoja. Majani ya vyote viwili ni magumu, yanang'aa, yametoka mawilimawili yakitazamana. Maua ni meupe yenye wekundu, na yananukia. Ukivunja kikonyo, vyote vinatoa utomvu mweupe. Matunda nayo huanza kijani, yakawa mekundu, yakaishia zambarau iliyokolea.

Kinachovitenganisha ni mwiba. Mukawa una miiba mirefu iliyonyooka, imechomoza kwenye kijiti pale jani linapoanzia. Kivai hakina hata mmoja. Kina kijincha kikali mwishoni mwa jani, na hapo ndipo mtoto asiyefundishwa hudanganyika. Mwiba unatafutwa kwenye kijiti, tena kwenye kichaka kizima, maana vichaka hivi hupenda kusongamana na kuingiliana matawi.

Nimewasikia wazazi wakitaka kila kivai kilicho karibu na shule kikatwe. Siafiki. Mtoto haishi ndani ya ua wa shule. Jumamosi yuko kilimani na mbuzi. Wengine wanasema simu itamwambia. Mpwa wangu aliniletea picha ya tunda na majani mawili, na jina ambalo simu ilimpa. Kijiti hakikuonekana kabisa. Jina lile lilitegemea nini?

Hata mnyama akila, hilo si ushahidi. Panya wa kishungi hutafuna gome la kivai na kujipaka mate yenye sumu manyoyani ili adui amwogope. Watafiti walichapisha habari hizo mwaka 2011. Yeye hafi. Mtoto wako si panya yule.

Mtaala wa umilisi unataka watoto wajifunze kwa kutenda, na walimu wanawapandisha sukuma wiki. Vizuri. Nawaomba watenge pia asubuhi moja, wamwite mzee mmoja wa kijiji anayelijua pori, wawapeleke watoto wa gredi ya nne kilimani. Mzee ashike matawi, watoto wachore kijiti, jani na mwiba. Pasiwe na kuonja siku hiyo, na kila aliyegusa utomvu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula chakula cha mchana.